Kikoa kimeegeshwa lakini hakiingizi kitu: jinsi ya kutafuta tatizo lilipo

Umenunua jina la kikoa, umelielekeza kwenye kampuni ya maegesho (inayoweka ukurasa wa matangazo kwenye kikoa kisicho na tovuti na kukugawia mapato), matangazo yamewekwa, na mwezi umeisha dashibodi ikionyesha dola 0.00. Au zilikuwa zinaingia senti kadhaa kila siku, kisha zikakauka ghafla. Kabla hujahama kampuni au kuanza kubadilisha rangi za ukurasa, ifuate safari yote ya hela. Mtu anaandika jina kwenye kivinjari, DNS (mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya seva) inamwelekeza kwenye seva, ukurasa unafunguka, anabofya neno, anabofya tangazo, mtangazaji anatozwa, kampuni inachuja mibofyo ya uongo, kisha wewe unapata mgawo wako. Safari inakatikia mahali fulani, na kila mahali pana dalili zake.

Naanza na zile zinazopimika kwa dakika chache.

Ukurasa haufunguki, au unafunguka kwa watu wengine tu

Tafuta taarifa za usajili wa kikoa chako. Kwa .com na miisho mingine ya kimataifa, huduma ya RDAP ndiyo iliyochukua nafasi ya WHOIS rasmi tangu Januari 2025; kwa .tz na .ke uliza rejista ya nchi husika, yaani taasisi inayosimamia mwisho huo (kwa Kenya ni KeNIC). Angalia vitu viwili: seva za majina (zinazoijibu DNS kuhusu kikoa chako) na hadhi ya kikoa.

Ukiona hadhi ya clientHold, msajili wako, yaani kampuni uliyonunulia kikoa, amekizima. Sababu inayowapata wengi ni barua pepe ambayo haikuthibitishwa. Tangu makubaliano ya mwaka 2013 kati ya wasajili na ICANN (shirika linalosimamia mfumo wa majina ya vikoa duniani), aliyesajili kikoa au kubadilisha taarifa zake anatakiwa athibitishe mawasiliano ndani ya siku 15, la sivyo kikoa kinasimamishwa. Ujumbe wenyewe mara nyingi umelala kwenye folda ya taka. Bofya kiungo kilichomo, subiri, kikoa kitarudi. Ukiona serverHold, aliyezima ni rejista yenyewe, na hapo lazima uwasiliane na msajili ujue kosa ni nini.

Kama hadhi ni nzuri lakini ukurasa unafunguka kwenye simu ya jirani na kwako unagoma, shuku DNSSEC kwanza, mfumo wa saini unaothibitisha majibu ya DNS. Kikoa kilipokuwa kwenye seva za zamani huenda kilitiwa saini, na rekodi ya DS (inayoitambulisha saini hiyo) ikabaki kwenye rejista ulipohamia seva za kampuni ya maegesho. Saini ya zamani hailingani na seva mpya. Matokeo yake, mitandao inayokagua saini inakataa kabisa kukifungua kikoa, wakiwemo wote wanaotumia huduma za DNS za 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, na mitandao isiyokagua inakifungua kama kawaida. Mtu anaweza kupoteza nusu ya wageni wake miezi mingi asijue, kwa sababu kwake mwenyewe kila kitu kinaonekana kizima. Ingia kwa msajili, futa rekodi ya DS, kisha kipime kikoa kwenye DNSViz, tovuti ya kukagua DNSSEC, uone kama mistari myekundu imeondoka.

Ukiwa umetumia rekodi ya A (inayotaja anwani ya seva) badala ya kubadilisha seva za majina, kagua kama kuna rekodi ya AAAA iliyosahaulika, yaani anwani ya seva kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao. Simu iliyo kwenye mtandao wa IPv6 itaifuata hiyo AAAA hadi kwenye seva ya zamani na kukuta hakuna mtu. Kagua pia jina lenye www na lisilo na www, kila moja peke yake.

Halafu kuna cheti cha usalama. Vivinjari vya leo hujaribu HTTPS (muunganisho salama) kwanza, na ukurasa wa maegesho usio na cheti unaweza kuleta onyo linalomfukuza mgeni. Kwa .app na .dev hakuna hata hiari: miisho hiyo yote imo kwenye orodha ya lazima ya HTTPS ndani ya vivinjari, kwa hiyo bila cheti ukurasa haufunguki kwa njia yoyote. Uliza kampuni yako kama inatoa vyeti kwa vikoa vilivyoegeshwa. Kama haitoi, usiegeshe .app wala .dev huko.

Na ukibadilisha seva za majina leo usihukumu matokeo leo. Rejista ya .com hutoa kumbukumbu ya seva za majina yenye uhai wa saa 48, kwa hiyo baadhi ya mitandao itaendelea kwenda kulikozoeleka mpaka muda huo uishe.

Matangazo yapo, dashibodi inasema sifuri

Hapa kuna jambo linalowakera wenye vikoa, na wana haki ya kukereka. Matangazo unayoyaona huenda si yako. Wasajili wengi wana kurasa zao za maegesho, na kikoa kipya ambacho hakijaelekezwa popote huwekwa humo moja kwa moja. Mgeni akibofya, hela ni ya msajili. Hali hiyo hiyo hutokea kikoa kikipitwa na tarehe ya malipo: msajili anabadilisha seva za majina kimyakimya na kuweka ukurasa wake. Kama dashibodi ilikufa ghafla ilhali matangazo bado yanaonekana, angalia tarehe ya kuisha kwa usajili kabla ya kitu kingine chochote. Kwa .com msajili anaweza kukushikia kikoa hadi siku 45 baada ya tarehe hiyo. Kikishafutwa kinaingia siku 30 za kukomboa, ambazo gharama yake huwa kubwa kuliko kulipia mapema, kisha siku 5 za kusubiri kuondolewa. Baada ya hapo yeyote anakichukua.

Uwezekano mwingine ni kwamba uliyaelekeza majina kwenye seva za kampuni lakini hukukiongeza kikoa kwenye akaunti yako huko. Seva zinajibu, ukurasa unaonekana, lakini mfumo haujui mwenye kikoa ni nani. Ongeza kikoa, weka rekodi ya uthibitisho kama wanaidai, na usubiri kikaguliwe. Kuna kampuni zinazochukua siku kadhaa kukubali kikoa, na katika muda huo mapato hayahesabiwi.

Mibofyo imejaa, hela haipo

Kurasa nyingi za maegesho zina hatua mbili. Ukurasa wa kwanza unaonyesha maneno tu: bima ya gari, mikopo, hoteli. Mgeni akibofya neno, analetewa ukurasa wa pili wenye matangazo yenyewe. Anayelipa ni mtangazaji wa ukurasa wa pili, tena kama mgeni amebofya tangazo lake. Kwa hiyo soma safu za dashibodi kwa makini. Kama wageni wanabofya maneno lakini hawafiki mbele, maneno hayakuwapa walichokuja kukitafuta.

Hili linawaumiza zaidi wenye majina ya Kiswahili. Mfumo wa kampuni hubuni mada ya ukurasa kwa kusoma jina la kikoa, na jina kama shambalakuku au nyumbazakupanga haliuambii chochote. Unaletewa maneno ya jumla yasiyohusu, ya Kiingereza, kwa mtu aliyekuja kutafuta vifaranga. Usiuachie mfumo ukisie. Ingia kwenye mipangilio, chagua nenomsingi na kundi la mada mwenyewe, kisha fungua ukurasa kwa simu, ukiwa kwenye mtandao wa nchi wanakotoka wageni wako, usome kilichoandikwa kama anavyosoma mgeni.

Hata baada ya hapo, bei inategemea nchi ya mgeni na mada. Mtangazaji wa bima wa Marekani analipa zaidi kwa mbofyo mmoja kuliko anavyolipa mtangazaji wa Dar es Salaam au Kampala kwa mibofyo mingi, maana soko la watangazaji la huku ni dogo. Hilo si kosa la ukurasa na halirekebishiki kwa mipangilio.

Hela ilionekana, kisha ikapunguzwa

Takwimu za kila siku ni makadirio. Mwisho wa mwezi mtoa matangazo huondoa mibofyo anayoiona si ya binadamu au si ya nia njema, na kampuni hukata sehemu hiyo kwenye salio lako. Sehemu kubwa ya wageni wa kikoa kilichoegeshwa ni roboti. Cheti cha usalama kikitolewa, jina lako linaandikwa kwenye kumbukumbu za wazi za vyeti ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na programu za upekuzi huja ndani ya muda mfupi kutafuta mianya. Ndiyo maana kikoa kipya huonyesha wimbi la wageni siku za mwanzo kisha kinatulia. Wale hawakuwa wateja.

Dalili za roboti ni hizi: wageni wengi kutoka nchi isiyohusiana na jina lako, saa zote za usiku na mchana kwa kiwango kilekile, na mibofyo sifuri. Ukiona kinyume chake, yaani karibu kila mgeni anabofya, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hapo mfumo utafikiri ni wewe unayejibofyea.

Usijibofyee. Usiwaombe ndugu, usiweke kiungo kwenye makundi ya WhatsApp ukisema "nisaidieni kubofya", usinunue wageni wa bei rahisi. Masharti ya maegesho kwa kawaida yanataka mgeni awe amefika mwenyewe, na akaunti ikifungwa kwa udanganyifu hupotezi kikoa kimoja, unapoteza salio lote la vikoa vyako vyote. Tena pembeni yupo mwenye duka mdogo anayelipia kila mbofyo kutoka mfukoni mwake. Hela hiyo ni ya mtu.

Wageni wanalalamika wamepelekwa kwenye kurasa za ajabu

Kampuni zinakupa chaguo la kumpeleka mgeni moja kwa moja kwa mtangazaji bila kuona ukurasa wowote. Mgeni anauzwa kwa mnada ndani ya sekunde, anapita mikononi mwa madalali kadhaa, na wewe hujui atatua wapi. Huko mwisho wa mnyororo ndiko yanakokaa maonyo ya uongo ya virusi, zawadi za simu zisizokuwepo, na programu za kudukua. Ukikifungua kikoa mwenyewe ukiwa ofisini unaweza usione kitu kibaya, maana wauzaji hao huchagua: mgeni wa mtandao wa nyumbani au wa simu anapelekwa kubaya, anayefanana na mkaguzi anaonyeshwa ukurasa safi.

Mapato ya njia hii huwa yanavutia kuliko ya matangazo ya kawaida. Mimi nasema izime. Aliyeandika jina lako alikuwa anatafuta kitu, labda mama mtu mzima anayetafuta kliniki, na huna haki ya kumuuza kwa tapeli kwa sababu ya senti. Kuna na hasara yako: kikoa kikiingia kwenye orodha ya tovuti hatari ya Google Safe Browsing, vivinjari vitaonyesha ukurasa mwekundu, na mnunuzi wa kesho atakimbia.

Wageni hawaji kabisa

Hili ndilo tatizo la vikoa vingi zaidi, na ndilo watu wasilotaka kulisikia. Maegesho hayaleti wageni. Yanavuna waliokuwa wanakuja tayari, na hao hutoka sehemu tatu: wanaoandika jina moja kwa moja kwenye kivinjari, wanaobofya viungo vya zamani vilivyobaki kwenye tovuti nyingine, na wanaokosea herufi.

Biashara hii ilijengwa katika miaka ambayo watu walikuwa na mazoea ya kuandika neno na kuongeza .com. Mwaka 1998 GoTo.com, baadaye Overture, ilianza kuwauzia watangazaji mibofyo kwa mnada. Yahoo ikainunua 2003. Mwaka huo huo Google ikainunua Applied Semantics, ambayo tayari ilikuwa na huduma ya matangazo kwa vikoa vilivyoegeshwa. Wenye majina mafupi ya Kiingereza walitajirika. Afrika pia imo kwenye historia hii: mwaka 2006 rejista ya Kamerun iliwekwa ili jina lolote la .cm lisilosajiliwa lipeleke mgeni kwenye ukurasa wa matangazo, na mfanyabiashara wa Vancouver aitwaye Kevin Ham ndiye aliyekuwa nyuma ya mpango huo. Wageni walikuwa watu waliokusudia .com wakaruka herufi moja.

Mambo yaliyobadilika baada ya hapo yanatosha kueleza sifuri yako. Chrome ilikuja 2008 na kisanduku kimoja cha anwani na utafutaji, kwa hiyo anayeandika neno tupu anapelekwa kwenye matokeo ya Google badala ya kukisia .com. Simu zikaja na programu zake. Kisha upande wa watangazaji ukabanwa: mwaka 2025 Google iliwatoa watangazaji wake kwenye kurasa za vikoa vilivyoegeshwa, na aliyetaka kubaki alilazimika kuingia kwenye mipangilio na kuchagua hivyo mwenyewe. Wanaoshindania nafasi wakapungua, bei ya mbofyo ikashuka. Kama mapato yako yalianguka mwaka huo bila wageni kupungua, huna haja ya kutafuta kosa kwenye DNS yako.

Sasa pima. Kwa jina ulilolibuni wewe mwaka jana, ambalo halijawahi kuwa na tovuti, tarajia wageni halisi karibu na sifuri, na hilo ni jambo la kawaida. Kwa jina lililowahi kutumika, fungua Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti, uone lilikuwa tovuti ya nini. Kama lilikuwa blogu au shirika lenye viungo vingi, wageni watakuwepo mwanzoni na kupungua mwezi hadi mwezi kadiri viungo vinavyoondolewa. Kama lilikuwa la kamari au dawa za kughushi, viungo vilivyobaki ni vya taka na wageni wake hawana thamani.

Piga hesabu kwa kila jina peke yake. Bei ya jumla ya .com kutoka Verisign, rejista ya .com, ilipandishwa hadi dola 10.26 Septemba 2024, na msajili anaongeza yake juu. Ukichukua dola 11 kwa mwaka, kikoa kinahitaji kuingiza senti 3 kila siku, mwaka mzima, ili kurudisha gharama tu. Panga orodha yako yote kwa mapato ya miezi 12. Wengi hukuta majina mawili matatu yanalisha mengine yote.

Kwa yale yasiyofika huko lakini ni majina mazuri, ondoa matangazo na uweke ukurasa safi unaosema kikoa kinauzwa, wenye fomu ya mawasiliano. Mtu anayetaka kukinunua akikuta msururu wa maneno ya bima na mikopo haoni mahali pa kuuliza bei, na mauzo ya jina moja yanaweza kuzidi mapato ya matangazo ya miaka.

Umepokea barua ya wakili

Acha kila kitu na uisome. Kama jina lako lina alama ya biashara ya mtu, au kosa la herufi la jina lake, maegesho ndiyo yanayokuweka pabaya zaidi. Chini ya UDRP, utaratibu wa usuluhishi wa ICANN uliopitishwa 1999, mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Matangazo ya washindani wake kwenye ukurasa wako ni ushahidi mkubwa wa hilo la tatu. Utetezi wa kwamba "matangazo huchaguliwa na kampuni ya maegesho, si mimi" kwa kawaida haukubaliwi. Wasuluhishi wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, humhesabu mwenye kikoa kuwa ndiye mwenye wajibu.

Una siku 20 za kujibu shauri tangu linapoanza rasmi. Ukishindwa, jina linahamishwa au kufutwa. UDRP haikutozi fidia, lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1999 dhidi ya unyakuzi wa vikoa inaruhusu mahakama kutoza kuanzia dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina. Majina ya benki, kampuni za simu na hospitali yaache, hata yakiwa wazi kwenye .co.tz.

Kama jina ni neno la kawaida na ulilinunua kwa maana yake, hali ni tofauti. Hakikisha matangazo yanaendana na maana hiyo ya kawaida, piga picha za ukurasa zenye tarehe, na zima mara moja maneno yoyote yanayogusa biashara ya mlalamikaji.

Salio lipo, malipo hayafiki

Angalia kiwango cha chini cha kulipwa, kisha njia ya malipo. Kabla hujafungua akaunti ya maegesho, hakikisha njia wanayotumia inaweza kupokea hela ulipo, si kutuma tu. Wengi wamekwama kwenye PayPal kwa sababu hiyo. Malipo ya waya kwenda benki yana makato yanayoweza kula salio dogo lote, kwa hiyo kama kampuni inakuruhusu kupandisha kiwango cha chini, kipandishe ulipwe mara chache kwa kiasi kikubwa. Kampuni ya Marekani itakutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuonyesha kuwa wewe si mkazi wa huko. Bila fomu hiyo malipo yanaweza kuzuiwa au kukatwa kodi. Jina kwenye akaunti, kwenye fomu na benki liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Umeamua kukiachia kikoa

Zima malipo ya kujirudia wiki kadhaa kabla ya tarehe, kwa sababu wasajili wengine hukata hela mapema. Kabla ya hapo, tafuta kila akaunti uliyowahi kuifungua kwa barua pepe ya kikoa hicho: benki, mitandao ya kijamii, akaunti ya msajili yenyewe. Badilisha anwani kote. Atakayekisajili baada yako ataweza kupokea barua zote zinazotumwa huko, zikiwemo zile za kuweka upya nywila.